Mpishi Hula Mwisho

Tarehe 4 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, maana umeandika ukurasa mzima juu ya paka wa jirani na nusu mstari juu ya kifua chako. "Daktari kasema mishipa ya moyo imeanza kuziba, lakini usijali." Baba, mtu akiniambia nisijali ndipo ninapoanza. Ningekupigia simu, lakini tunajua mambo yalivyo: masikio yako yaliachwa kwenye majiko ya shule, wewe husikii, mimi napayuka, mwenye nyumba wangu anagonga ukuta. Basi tuandikiane, na uandike kweli.

Sasa nisikilize, kwa sababu safari hii kazi yangu ina faida kwako. Unajua watu wakikuuliza binti yako anafanya nini huko maabara unawajibu "anafuga wadudu"? Si uongo sana. Kwenye utumbo wa kila mtu wamo bakteria wasiohesabika, na sisi tunachunguza wanakula nini na wanatoa nini. Maharage, dengu, mboga za majani, matunda, nafaka isiyokobolewa, vyote vina nyuzinyuzi ambazo tumbo lako haliwezi kuzisaga. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazila, na wakishakula wanatengeneza asidi fulani zinazotuliza uvimbe mwilini na kusaidia kushusha shinikizo la damu. Mtu akishindia mkate mweupe na nyama ya mafuta, wale wema wanakonda na wengine wananenepa. Hao wengine wakizidishiwa nyama nyekundu hutoa kitu ambacho ini hukigeuza, na watu wenye nacho kingi kwenye damu mara nyingi hukutwa na mishipa mibaya. Wakubwa wangu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Kuhusu maharage hawabishani.

Kwa hiyo maharage, Baba. Na mboga. Chumvi kidogo, sukari kidogo. Dawa za daktari usiziache hata siku moja, chakula hakishindani na dawa.

Jambo la pili. Tunatafuta wazee wa umri wako watupe choo. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwenye kifurushi hiki kuna kichupa chenye dawa ndani, na kifuniko chake kina kikijiko. Weka kidogo tu, funga, tikisa, tuma. Majina hatuandiki, ni namba tupu, lakini chako nimekifunga kwa mkono wangu na namba yake ninayo kichwani. Nikiona wadudu wako wameshiba, na mimi nitalala. Aprili nina likizo. Nitakuja tule pamoja.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 21 Februari

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Nimepika maharage ya shule ya bweni tangu hujaota meno. Watoto mia tatu, mchana na jioni, mpaka wakanistaafisha. Leo yule aliyekuwa analamba mwiko wangu nyuma ya jiko ananiandikia kwamba maharage yana faida. Haya, mwalimu, nimekusikia.

Nakula kama ulivyosema. Maharage, mboga, matunda asubuhi. Mkate nimeuacha kabisa, mwenye duka la pale kona akiniona anageuza uso kwa huzuni. Dawa nameza. Usiwe na wasiwasi nami.

Hicho kichupa chako kimeniletea mambo. Nilipofungua kifurushi, Mama Cherehani alikuwa mlangoni, amenirudishia suruali niliyompa apunguze kiuno. Unamkumbuka, yule fundi wa kushona aliyehamia mlango wa pili mwaka ule tuliomzika mama yako. Akaniuliza, binti kakuletea manukato? Nikampa maelekezo asome. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Ni mtu mkakamavu yule, cherehani yake inaanza kabla hakujapambazuka, na kila ninapopita dirishani kwake namkuta anachambua mboga za majani. Hana mume, na watoto wake wako mbali, kama wewe.

Karani wa posta alitaka kujua ndani ya kifurushi kuna nini. Nikamwambia ni mali ya serikali, akagonga muhuri huku amesimama wima.

Kitanda chako nimeshakitandika. Najua ni mapema.

Baba yako


Tarehe 24 Machi

Baba,

Shikamoo, na hongera! Choo chako kimefika na kimenipa raha ambayo siwezi kumweleza mtu yeyote nje ya jengo hili. Nilikaa mbele ya mashine kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani. Baba, wamo! Wa kila aina, wale wema tunaowatafuta kwa tochi kwa wazee wengine, kwako wamejaa tele. Mkubwa wangu alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Huyu namba huyu anakula nini?" Nikauma ulimi, maana namba haina kazi wala binti.

Nimelala usingizi wa mtoto tangu siku hiyo.

Kwa hiyo utanisamehe nikikuambia jambo. Mwenzangu wa meza ya pili mama yake anaumwa sana, na likizo zake zote zimekwisha. Nimempa yangu ya Aprili. Majibu yako yangekuwa mabaya nisingempa, Mungu shahidi. Lakini wewe unakula, una afya, nami ningekuja tu kukutazama ukitafuna. Nitakuja Desemba.

Mimi ni mzima. Chumba changu bado ni kile cha juu ya duka la betri za magari, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nakula vizuri. Chembe za biskuti kwenye karatasi hii usizijali.

Kijiko


Tarehe 9 Aprili

Kijiko,

Umefanya vizuri kumpa mwenzio. Mama ni mmoja, na Desemba si mbali.

Nimefurahi kwa furaha yako. Kitanda nimekitandua ili shuka zisile vumbi. Changu nimekishusha sebuleni, maana ngazi za nyumba hii zimeongezeka, sijui nani anaziongeza. Mengine yote ni salama.

Jana nimemaliza siku nzima bila kusema neno. Nilijua jioni, nilipomwambia paka "toka" na sauti ikakataa kutoka.

Usijali hilo, ni la kuchekesha tu.

Baba yako


Tarehe 30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nina swali, na nimelizunguka wiki nzima kama mtu anayeogopa kuingia dukani bila hela.

Tumepitisha vichupa vyote kwenye kipimo cha pili. Choo kina chembe za mwili wa mwenyewe, si bakteria peke yao, na mashine inazisoma. Namba yako imesoma mwanamke. Nikarudia. Mwanamke tena. Nikadhani nimechanganya vibandiko, nikaenda mwenyewe kwa mkubwa wangu kukiri kosa, na nimekuwa nikikagua upya vibandiko vya makabati mawili huku wenzangu wakienda nyumbani. Sikuchanganya kitu, Baba. Kila kibandiko kiko mahali pake.

Basi nikafikiri. Kuna mwanamke hapo nyumbani? Ndiye anayepika hayo maharage na mboga? Kama yuko, niambie, mimi si mtoto. Nitalia kidogo kwa ajili ya mama, halafu nitafurahi, maana ulikuwa peke yako muda mrefu. Kinachoniuma ni kufichwa. Na bado sielewi kwa nini choo chake kije badala ya chako.

Tafadhali nijibu upesi. Kama kile hakikuwa chako, basi sijui lolote juu yako.

Kijiko


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Kaa kwanza ndipo usome. Mimi ni fundi wa kushona wa mlango wa pili, yule baba yako anayeniita Mama Cherehani. Baba yako yuko hospitali tangu Jumamosi. Moyo ulimbana kwenye ngazi za mbele akaanguka. Wamemwingiza waya kwenye mshipa, wameuzibua, anapumua na anazungumza. Barua yako nilimpelekea wodini. Aliisoma, akanipa niisome, akageukia ukutani. Ndiyo maana nakuandikia mimi.

Choo kile ni changu. Nisamehe, mwanangu, hata kukiandika naona haya. Alinijia na kichupa amekifunga kwenye mfuko wa sukari, akasema, "Nisaidie, wewe unakula vizuri kuliko mimi, sitaki mtoto ahangaike." Mimi nikaona ni mzaha wa wazee wawili, nikacheka, nikampa. Ningejua utakuja kuahirisha safari kwa ajili ya tumbo langu, ningekivunja kichupa.

Ulipomwandikia apike maharage, alipika kweli. Alitoa lile sufuria kubwa alilozawadiwa siku ya kustaafu, akapika ya kulisha ukoo mzima, maana mkono wake haujui kupunguza. Akasimama getini na upawa, akaita mtaa. Tulikula sote, na niamini, yalikuwa matamu. Sijamwona na furaha vile. Tulipokwisha kuondoka ndipo nikamwona anakwangua sufuria, anakula amesimama. Kesho yake akapika tena. Nani atakwenda kula bure siku mbili mfululizo, mwanangu? Watu wana aibu zao. Alisubiri mpaka jua likazama, chakula kikachacha, akakimwaga. Tangu siku hiyo ni mkate na chai ya sukari. Suruali zake nimezipunguza mara mbili.

Nimempelekea sahani nyingi. Anashukuru, anapokea, halafu anampa paka wangu. Paka amenenepa, yeye amekonda.

Na swali lako, jibu ni hapana, hakuna mwanamke. Mimi namshonea suruali tu. Angekubali kula sahani yangu hata moja, labda ungekuwa na haki ya kuuliza.

Wako,
jirani


Tarehe 19 Mei

Kijiko mwanangu,

Naandika nimelala, usicheke mwandiko. Chakula cha hapa kimepikwa na mtu asiyeonja, lakini nakula, kwa sababu mzee wa kitanda cha pili hashiki kijiko mpaka alishwe, na akishashiba yeye ndipo na mimi naweza.

Hapo ndipo penyewe. Ngoja nikueleze, maana Mama Cherehani ameeleza sufuria lakini hakueleza mpishi.

Niliingia jikoni nikiwa kijana, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba mpishi hula mwisho. Ukila mapema hujui kama kitatosha. Ukila pamoja na watoto huoni nani ameacha chakula, nani anaumwa, nani kanyang'anywa. Unangoja wote waondoke, unakula kilichobaki, umesimama. Hata nyumbani nilikuwa hivyo. Mama yako alinigombeza miaka yote, lakini alijua. Mlikula wewe na yeye, nami nikaja nyuma na sahani yangu nikiwa nimeshawaona mmeshiba.

Sasa napakua, naweka mezani, nangoja watu wale kwanza. Hawaji. Nikishika kijiko mkono unaona haya, kama vile namwibia mtu. Ndiyo maana naweza mkate, mkate hauna meza wala foleni. Sahani za jirani nazo nilishindwa, mtu aliyelisha mia tatu kulishwa kama mgonjwa. Si kiburi. Au ni kiburi, sijui.

Nina upweke, Kijiko. Neno hili sijawahi kuliandika wala kulisema. Nina upweke mpaka jioni naogopa.

Nilitaka usome kitu kizuri kwenye hiyo mashine yako, ulale. Ukalala kweli, na kwa kuwa umelala hukuja. Mtego nimeutega mwenyewe na nimenaswa mwenyewe. Daktari amesema safari nyingine moyo hautabisha hodi, na kwamba waya peke yake hautanisaidia nikirudi kwenye mkate na sukari. Nimemwambia ndiyo, daktari. Lakini nikifika nyumbani meza ni ileile.

Baba yako


Tarehe 29 Mei

Baba,

Nimelia kwenye chumba cha friji, ambako mtu akiniona na machozi anadhani ni baridi.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu siku ileile niliyojua umelazwa. Mwenzangu niliyempa likizo hajarudi, mama yake yuko ukingoni, na sisi ni wawili tu tunaojua mashine hizi. Nikiondoka sasa kazi ya miaka mitatu inaharibika, na mkataba wangu unakwenda nayo. Nilisema niondoke hivyohivyo. Halafu nikafikiri, nikija wiki mbili nitakulisha wiki mbili, nikiondoka meza itakuwa ileile, kama ulivyosema. Sijui kama nimeamua vizuri. Nimeamua kuja Desemba, na nitaichukia kila wiki iliyobaki.

Nami nina la kukuambia. Niliandika kwamba nakula vizuri. Baba, mimi ni mtaalamu wa utumbo ninayeishi kwa biskuti. Nazila kwenye korido ya maabara nimesimama, maana ndani ni marufuku na nje hakuna wa kukaa naye. Jumapili hupita bila kuwasha jiko. Nakuandikia habari za nyuzinyuzi huku tumbo langu lina unga mweupe na sukari. Wenzangu wakifanya mzaha wa kupima choo changu nakimbia.

Sasa sikiliza mpango wangu. Kuanzia Jumatatu ya tarehe tisa nitakula saa saba mchana, kwa saa za kwako. Chakula cha kweli, maharage, mboga, nimeketi kwenye kiti, sahani mezani. Ikifika saa nane ujue mtoto ameshakula. Foleni imekwisha. Hapo ni zamu ya mpishi, na hakuna unayemwibia.

Sufuria kubwa mpe mtu. Pikia kwenye ile ya kuchemshia maziwa. Kikombe kimoja cha maharage, uloweke usiku. Na sahani ya Mama Cherehani uile, Baba. Yeye naye anangoja watu wale kwanza.

Kijiko


Tarehe 20 Juni

Kijiko mwanangu,

Nimetoka hospitali. Mama Cherehani alinipokea na sahani, nikaila mbele yake yote, naye akajifanya anatafuta sindano ili nisimwone usoni. Sasa hayupo, amekwenda kwa mwanawe aliyejifungua, ameniachia paka na funguo. Mtaa umekuwa kimya, cherehani hailii. Sufuria kubwa nimewapa wale wanaolisha wagonjwa pale hospitali. Waliniomba nije kuonja siku moja moja, nikasema nitafikiri.

Ile ya maziwa ilinitesa. Siku ya kwanza chumvi ilikuwa ya watu kumi, ya pili maharage yalikauka nikiwa nimegeuka tu. Kupika kidogo ni kazi ngumu, wanaosema rahisi hawajapika. Sasa nimeizoea.

Naangalia saa ya ukutani. Saa saba nasema, anakula sasa hivi, bila shaka anaacha mboga pembeni kama alivyokuwa. Saa nane napakua. Siku ya kwanza nilisimama kwa mazoea, nikajilazimisha kukaa. Nimekula kila siku tangu tarehe ile. Naogopa jioni bado, sitakudanganya tena. Lakini saa nane ya mchana siogopi.

Ila niambie kitu kimoja, na useme kweli. Jumatano ya juzi nilipakua kama kawaida. Kijiko cha tatu kikakataa kushuka. Nikaweka chini nikasema, huyu mtoto hajala. Nimejiambia ni uzee. Sahani niliifunika, nikamalizia jioni.

Ulikula?

Baba yako


Tarehe 3 Julai

Baba,

Shikamoo. Jumatano ile sikula. Mashine iligoma asubuhi, nikashika bisibisi, nikaja kushtuka jua linazama, nikala biskuti kwenye korido. Nilijiambia Baba yuko mbali, atajuaje.

Leo mashine imegoma tena. Nimeiacha inapiga kelele, nimeshuka chini, nimekaa. Nimekula maharage, na mboga zote, hata za pembeni. Najua barua hii ikifika, leo itakuwa imeshapita siku nyingi. Lakini nimeshiba, Baba. Pakua.

Kijiko